Miche Iliyonyauka Majini

Mmea ukizamishwa majini hunyauka kama mmea uliokosa maji. Sentensi hii nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko jina langu, na kila mwaka darasa zima hunitazama kama mtu aliyesema samaki hufa kwa kiu. Napenda wanavyonitazama. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika sekondari moja hapa Masasi, na sitajisingizia wema: nilisomea mambo magumu ili niwe na kitu ambacho wenzangu hawana.

Kitu chenyewe ni mlango. Seli ya mzizi imevikwa utando wa mafuta, na mafuta na maji hayaelewani, hilo kila aliyewahi kukaanga samaki analijua. Kwa hiyo ndani ya utando zimo protini zilizojikunja zikaacha njia katikati, nyembamba kiasi kwamba chembe za maji hupita moja nyuma ya nyingine. Bila njia hizo mzizi ungekunywa polepole mno. Nilipokuwa chuo kikuu nikitafuta shahada ya pili, niliishi na milango hiyo miaka miwili na kitu. Nilikuwa nakata shina la kunde chini kabisa, nakibana kisiki ndani ya chombo cha shinikizo, nahesabu matone yanayotokea juu. Kisha nainyima mizizi hewa, nahesabu tena. Matone yalipungua mbele ya macho yangu.

Kinachotokea ni hiki. Mlango una kifuniko, kipande cha protini ileile kilichokaa upande wa ndani wa seli. Mambo yakiwa mazuri, seli huibandika ile protini fosfeti, kipande kidogo cha kemikali, na mlango hubaki wazi. Ukame ukija, fosfeti hubanduliwa, kifuniko hushuka, seli hubaki na maji kidogo iliyonayo. Hilo watu wa kwetu Newala hulielewa upesi, maana ndivyo walivyoishi. La pili ndilo linalowashinda. Maji yakizidi udongoni yakaziba nafasi za hewa, mzizi hukosa oksijeni, hushindwa kupumua sawasawa, ndani ya seli tindikali huongezeka, na tindikali hiyo hukishusha kifuniko kilekile. Mzizi umezungukwa na maji pande zote, nao umefunga. Huko juu majani yanaendelea kupoteza maji hewani, hayaletewi mengine, yanalegea. Kuna seli ambazo huenda mbali zaidi, huiondoa milango kwenye utando na kuificha ndani katika vifuko vidogo. Ukiyatoa maji mapema na hewa ikarudi, milango hufunguka. Ukichelewa, mizizi huoza. Yote haya nilikuwa nayajua siku mama yangu aliponipigia simu. Naomba ulishike hilo.

Mama alizaliwa juu ya uwanda, karibu na Mkunya, enzi ambazo watu walikaa juu na maji yalikaa bondeni. Wasichana waliteremka ule mteremko kabla hakujapambazuka na kupanda tena na ndoo kichwani jua likiwa limeshawaka. Kwao mtu aliyemwaga maji alisemwa kuliko aliyeiba kuku. Bomba lilipofika karibu na nyumbani nilikuwa nimeshakuwa msichana mkubwa, lakini desturi ya mama haikusikia habari za bomba. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwa kuku. Maji ya kufulia yalikwenda kwenye matembele. Udhu alikuwa anatawadha juu ya mmea, mkono mmoja huku mwingine huku, ili Mungu apate chake na mchicha upate chake. Mimi aliwahi kunichapa kwa kunawa miguu mara mbili. Nilikuwa na miaka minane, na sijamsamehe mpaka leo, ingawa sasa sina tena haki ya kutosamehe mtu.

Baba alifariki nikiwa bado chuoni. Aliacha shamba la mikorosho nje ya Mkunya, ambayo yeye na mama waliipanda pamoja mwaka waliooana. Kwetu mali ya mwanaume ina wenyewe, na wenyewe si mke wala watoto wake. Ni dada zake na watoto wa dada zake. Sheria ya serikali inasema vingine, lakini mahakama iko mbali na shangazi yuko mlango wa pili. Kilichomlinda mama ni mikorosho. Ukoo wetu haumwondoi mtu penye mti alioupanda kwa mkono wake, maadamu mti uko hai. Basi mwaka mmoja jirani akachoma takataka za shamba lake, upepo ukageuka, na mikorosho yote ya mama ikaungua mpaka kwenye vishina.

Shangazi alikuja kutoa pole. Ni dada mkubwa wa baba, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na kwa haki ya Mungu hakuwa mtu mbaya. Mimi nilikuwepo siku ile. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa mkekani, akanywa chai yote ndipo akasema.

"Wifi, mimi sina ugomvi na wewe. Panda upya. Mvua zikianza tutakuja na wazee tuangalie. Tukikuta miche hai, shamba lako mpaka unaingia kaburini, na atakayesema kitu atanikuta mimi. Tusipokuta, wanangu nao wanataka pa kulima."

"Na jua likiiunguza?" mama akauliza.

"Jua la Mungu. Mchwa wa Mungu. Mbegu mbaya nayo si kosa lako. Hapo tutasubiri mwaka mwingine. Ila ukiiua kwa mkono wako, wifi, tusilaumiane."

Nililiona hilo kuwa jambo la haki, na mama pia. Nikarudi zangu Masasi.

Mama akaanza kazi. Alizitia korosho za mbegu kwenye ndoo ya maji, zilizoelea akazitenga, zilizozama akazichukua. Akajaza udongo na samadi kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya kuoteshea miche, mia moja na ishirini, akazipanda. Akamwagilia. Na hapo ndipo alipoona kitu kilichomuudhi: viriba vina matundu chini, na maji aliyoyamwaga juu yalikuwa yanatoka chini na kupotea mchangani.

Mtu wa mahali pengine angeona matundu ni matundu. Mama aliona wizi. Akachimba shimo la kina cha kiganja, pana kama kitanda, akalitandika nailoni nzito, akainua kingo zake kwa matofali, akavipanga viriba vyote humo ndani. Tone lililotoka kwenye tundu halikuwa na pa kwenda. Mwaka ule bomba lilitoka vizuri, naye alimwagilia asubuhi, adhuhuri na jioni. Ukimpa maji ya bure mtu aliyebeba maji kichwani miaka thelathini, atayatumia kama anavyotumia mapenzi.

Aliniambia kwenye simu. Nakumbuka alisema nailoni. Alisema, "Hakuna hata tone linalonipotea, mwanangu," na mimi nikasema "Safi sana, mama," nikiwa napanga madaftari. Nilisikia. Sikuwaza.

Miche ikaota, mizuri. Majirani walikuja kuitazama. Wao humwita Mama Mwalimu, jina alilolipata kwangu, na waliambizana kwamba Mama Mwalimu kapata ujuzi kwa binti yake. Mama hakukanusha.

Simu ya pili ilinikuta saluni, nasukwa. Simu nilikuwa nimeibana kwa bega, kichwa nimeinamishwa, shingo inauma, na msusi ananivuta kama ana kisasi na mimi.

"Mwanangu, miche inalegea majani."

"Imekosa maji hiyo."

"Namwagilia. Namwagilia sana."

"Basi humwagilii vya kutosha. Ongeza. Mama, mtu umezeeka shambani, unanipigia mimi wa chaki kuniuliza mche uliolegea unataka nini?"

Msusi akacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu yeye amecheka. Upande wa pili mama akasema, "Haya, nimesikia. Nitaongeza." Akaniuliza kama nimekula, nikamwambia nitampigia baadaye. Sikumpigia.

Nimejaribu kujitafutia udhuru. Kwamba shingo iliuma, kwamba mtandao ulikuwa mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Ukweli ni kwamba elimu yangu nilikuwa nimeiweka darasani, kama watu wanavyoweka vyombo vizuri kwa ajili ya wageni. Mwanafunzi angeniuliza swali lile, ningemuuliza kwanza kuhusu hewa ya udongoni. Mama yangu nilimjibu kama mtu yeyote anavyojibu.

Baada ya siku tisa nilipata ruhusa nikaenda. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya, na shangazi alikuwa ametuma ujumbe kwamba kesho yake watakuja na wazee. Nilipanda basi mpaka Newala na bodaboda mpaka nyumbani. Kabla sijafika kwenye kitalu nilisikia harufu, ya mayai viza na majani yaliyovunda. Viriba vilikuwa vimesimama ndani ya maji yanayofika nusu yake. Majani yalikuwa yamening'inia, ya manjano, mengine yamekauka kabisa juu ya maji yale. Nilishika mche mmoja nikauvuta, ukatoka bila ubishi. Mzizi ulikuwa wa kahawia, unateleza, ganda lake likabaki vidoleni mwangu.

Kulikuwa na majirani watatu, wanawake. Hawakunizuia.

"Umeizamisha!" nikamwambia mama. "Nani alikufundisha kutandika nailoni chini ya mche? Mizizi haipumui! Umekaa hapa miezi unaua mti mmoja mmoja kwa mkono wako! Si ungeniuliza?"

Mama alikuwa ameshika ndoo. Alinitazama, akatazama chini. Alipotazama chini ndipo nilipoikumbuka saluni. Ningeweza kusema pale pale, majirani wakiwa wamesimama, "Samahani mama, uliniuliza." Maneno matatu tu. Badala yake nikainama nikaanza kutoa viriba majini kwa hasira, nikivirusha, na majirani wakaondoka mmoja mmoja. Mama akanisaidia kutoa. Hatukuokoa hata mmoja.

Jioni ile, tulipokuwa tunakula, mama akasema taratibu kwamba kesho atawaambia wazee ni mbegu. "Mbegu za mwaka huu watu wengi wanazilalamikia. Wakiniongeza mwaka, nitaotesha kama utakavyoniambia." Nikasema sawa. Nilikuwa nimekubali. Naliandika hili ili nisije nikasema sikuwa nimekubali.

Wakaja asubuhi: shangazi, wazee wanne wa ukoo, na wanawe wawili. Wakakitazama kitalu. Mzee mmoja, mpole, mwenye kikohozi, akaokota mche na kuugeuzageuza.

"Hii imekufa kwa kiu," akasema. "Jua la mwaka huu limekuwa kali. Wifi yenu maskini kahangaika."

Mlango ulikuwa wazi. Mama alishavuta pumzi ya kukubali. Mimi ndiye niliyesema, "Hapana, mzee. Hii haikufa kwa kiu."

Kwa nini nilisema? Sikutaka shamba lipotee. Lakini mzee alikuwa amekosea, jambo lenyewe lilikuwa langu, na watu wanane walikuwa wananisikiliza. Nikaanza. Nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza darasani. Nilifanya kiganja cha kushoto kuwa utando na vidole vya kulia kuwa kifuniko, nikaonyesha kifuniko kinavyoshuka. Niliwaeleza kuhusu hewa na tindikali. Niliupasua mzizi kwa ukucha niwaonyeshe rangi. Yule mzee mpole alisogea karibu akasema, "Kumbe mzizi nao una akili! Unajifungia!" Wengine wakacheka kwa kupendezwa. Nilifurahi. Mungu anajua, kwa dakika zile nilikuwa na furaha.

Shangazi hakucheka. Alisubiri nimalize.

"Kwa hiyo mwanangu, wewe uliyesoma, unatuambia hili si jua."

"Si jua, shangazi."

"Si mchwa."

"Si mchwa."

"Na mbegu?"

Nilimtazama mama. Alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, mikono mapajani.

"Mbegu ilikuwa nzima," nikasema. "Isingeota vile."

"Basi ni mkono wa mama yako."

Sikujibu. Na kutojibu kwangu mbele ya wazee kulikuwa jibu. Bado palikuwa na nafasi. Mama angeweza kusema, "Mkono ni wangu lakini kinywa ni cha mwalimu, nilimpigia akaniambia niongeze maji." Nilimsubiri aseme. Nilimchukia mapema kwa kusema. Lakini mama aliwahi kabla hata shangazi hajamgeukia.

"Ndiyo, wifi. Ni mkono wangu. Sikumuuliza mtu."

Shangazi akatikisa kichwa polepole. Nadhani naye aliumia, kwa sababu alikaa muda mrefu kabla ya kusema tulikubaliana, na kwamba mihogo iliyo shambani mama aivune yote, hakuna atakayemharakisha. Wazee wakaitikia. Yule mpole alinishika mkono wakati wa kuaga akaniambia elimu ni kitu kikubwa.

Mama alivuna mihogo yake. Kisha akaja kukaa nami Masasi, katika vyumba vyangu viwili, kwa sababu nyumba ilikuwa ndani ya shamba lile. Mtu ambaye maisha yake yote aliamka na kwenda mahali sasa anaamka na kukaa. Hufagia uwanja wa mwenye nyumba ambao haukuchafuka. Watu wa hapa hawamwiti Mama Mwalimu, humwita bibi. Mtoto wa pili wa shangazi amepanda mikorosho pale, ya kubebesha, ile inayounganishwa na kikonyo cha mti mwingine, na nimeambiwa imeshika vizuri.

Siku moja, ni Jumamosi, tulikuwa tumekaa barazani tunapukusa mbaazi. Akaniambia, "Nikuulize la darasani kwako."

"Uliza, mama."

"Ile milango uliyowaeleza wazee. Ikishafunga, haifunguki tena?"

"Inategemea."

Akamenya ganda moja, la pili. "Siku ile nilipokupigia simu, majani ndiyo kwanza yanaanza kulegea. Rangi yake bado ilikuwa nzuri. Kama siku ile ningeivuta ile nailoni, maji yakatoka, ingepona?"

Ingepona. Pengine si yote, lakini mingi, ya kutosha kabisa kuonyeshwa wazee. Nimeyaona hayo kwa macho yangu chuoni, matone yanavyorudi hewa inaporudi. Huenda siku mbili tu zingetosha.

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa imeshakufa siku ile, mama. Usingeweza kufanya kitu."

Aliweka ungo chini. Alifumba macho akashusha pumzi ndefu, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu aje.

"Alhamdulillahi," akasema.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naogopa. Nilidhani siku moja, kwa kusoma kwako, utakuja kugundua ilikuwa ya kupona, na kwamba wewe ndiye uliyeniambia niongeze. Ungeumia sana, nakujua. Ndiyo maana siku ile nilikubali haraka, wazee wasije wakaanza kuuliza nani alisema nini. Mwaka mzima jambo hili limenikaa hapa." Akajigusa kifuani. "Sasa nimepumzika. Nisogezee ungo."

Nikamsogezea. Mama hajui kusoma, ndiyo maana nimeweza kuyaandika haya.